Siti ya Mwenzangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, nimekumbatia kipande cha povu gumu, machozi yananitiririka na fundi wa rangi ananiuliza kama nimelamba gundi.

Nimesikia mlivyosema. Mzee mzima analilia povu, huyu ana akili timamu? Ninazo, jamani. Zimechoka tu.

Kwa ambaye gazeti lake lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, narudia kidogo. Mimi ni fundi wa kushona siti za magari, lakini si gari la mtu yeyote. Karakana yetu hutengeneza magari ya kukimbia, moja moja, kwa matajiri wanaokusanya magari kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Gari likikamilika, kalibu zake zinavunjwa na mabaki ya ngozi yake yanachomwa moto, asije akatokea mwingine duniani mwenye kama lile.

Siri ni nyingi, kwa hiyo majina hatuyatumii. Mteja anaitwa kwa rangi ya gari lake, fundi anaitwa kwa chombo chake. Wa rangi ni Brashi, wa injini ni Spana, mimi ni Sindano. Ndivyo ilivyo kwenye karakana zote za kazi hii. Hata ile ya mbali niliyokwenda ujanani, tukafungiwa mwaka mzima na gari la siri bila ruhusa ya kutoka wala kupiga simu, nilimkuta Sindano mwingine, mzee wa watu. Mapafu yakamuua katikati ya kazi. Nikarithi mkasi wake, nikaendelea kushona.

Niliporudi, nyumba tuliyopanga ilikuwa imebomolewa kupisha barabara. Mke wangu hayupo. Binti yangu, aliyekuwa na pengo la meno ya mbele, hayupo. Wapangaji wametawanyika, kila mtu na lake. Mke aliyejua nilikokwenda hakuniachia hata salamu kwa mtu. Nilitafuta mpaka soli zikaisha, nikasema basi, kanikimbia. Neno hilo nimelala nalo mpaka nimeota mvi.

Sasa hilo povu.

Siti zetu hushonwa kwa mwili wa mtu. Watu wa vipimo, walioapa kutosema mteja ni nani, wanamfuata kwake, wanamkalisha juu ya mfuko wa povu laini, povu linavimba, linamshika mgongo na mapaja, kisha linaganda. Linaletwa kwangu, nami naishona siti inayofanana nalo. Gari hili la zambarau lilikuja na mapovu mawili. La kwanza lilikuwa la mwenye gari. La pili liliandikwa kwa chaki neno moja: MWENZANGU.

Hilo la pili lilikuwa limeshuka upande wa kushoto, na chini yake lilikuwa na alama ya kisigino. Aliyepimwa alikuwa ameukalia mguu wake mwenyewe.

Ulikuwa mgongo wa mke wangu. Hapo ndipo nilipowaacha, na hapo ndipo tunapoendelea.

"Sindano, inuka," Brashi aliniambia. "Mkuu akikukuta hivyo atadhani umelewa. Una hakika gani ni yeye?"

"Wewe ukilala na mgongo wa mtu miaka, hutaujua?"

"Mimi mke wangu hulala chali."

"Brashi, sitaki mzaha."

Akachuchumaa kando yangu, akalitazama lile neno la chaki. "Mwenzangu ni neno lenye milango mingi, bwana. Mke ni mwenzangu. Hawara ni mwenzangu. Hata wewe ni mwenzangu, na siti sikupi. Huenda huyu ni dada yake Mzee Zambarau."

"Mtu anamtengenezea dada yake gari la namna hii?"

Brashi akakuna kichwa. "Hapo umenishika. Dada hununuliwa friji."

Spana alikuwa chini ya gari, akacheka mpaka tukaona miguu yake inatikisika. Yeye na oda ile walikuwa na ugomvi wao. Mzee Zambarau alitaka injini kubwa kuliko zote tulizowahi kufunga, halafu akaagiza ifungwe kidhibiti gari lisiondoke kwa kushtua. "Gari la risasi, abiria wa mayai," Spana alikuwa akisema kila siku. "Matajiri hawa Mungu anawaona."

Mimi nililigeukia lile povu la kwanza, la Mzee Zambarau mwenyewe. Lilikuwa na mabega mapana, yamekaa mbele kidogo, kama yangu. Nilipoliona hilo niliumia kuliko yote. Kumbe mwanamke hata akihama hahami mbali. Kaniacha mimi, kaenda kutafuta mabega yale yale yenye hela.

Nitasema jambo la aibu, mnicheke mnavyotaka. Jumamosi tulipofunga kazi, nililitia lile povu la mwenzake Zambarau kwenye gunia, nikaondoka nalo. Kutoa kitu nje ya karakana ni kosa la kufukuzwa. Nililibeba kwapani, nikitembea kando ya ukuta kama mwizi wa kuku. Lori lenye mstari wa zambarau ubavuni likapita kwenye dimbwi, likanirushia matope mpaka usoni.

"Hata wewe!" nikalipigia kelele. "Rangi hii imenikamia!"

Nilipofika mlangoni kwangu nikapiga hodi.

Ndiyo, kwangu mwenyewe. Nakaa peke yangu chumba kimoja, hakuna wa kunifungulia, lakini mtu akiingia ndani kimya kimya kila siku mwishowe anajiona ni mzigo. Kwa hiyo napiga hodi, kisha najijibu mwenyewe, karibu. Na hujibu upesi, maana hodi ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka. Mimi ningekwenda wapi?

"Hodi," nikasema.

"Karibu," nikajijibu.

Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuwa anaanua nguo. Ameshanizoea. "Leo umejikaribisha kwa sauti ya chini, baba. Kuna ugomvi huko ndani?"

"Nina mgeni."

"Ehe! Makubwa. Yuko wapi?"

"Kwapani."

Akalitazama gunia, gunia likafunguka mdomo, povu likachungulia. Mama Pacha akashika kiuno. "Huyo mgeni wako hana kichwa."

"Ndiyo uzuri wake. Habishani."

"Baba," akasema, na sasa hakuwa anacheka tena. "Njoo ule na sisi. Wanangu wanakupenda, utawasimulia habari za magari."

Nikamwambia asante, nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Mtu ukikaa peke yako muda mrefu, ukikaribishwa unakimbia, halafu ukiwa ndani unanung'unika kwamba hukaribishwi.

Chumbani nina kitanda, meza na kiti kimoja kizuri ambacho sijawahi kukikalia. Nilikishona mwenyewe kwa vipande vya ngozi vya mitaani. Nilikishona kwa ajili ya mgeni. Mimi hukaa kitandani na kukitazama.

Nikaliweka povu juu ya kile kiti. Likakaa vizuri, limeinama kushoto kidogo, kama alivyokuwa akikaa akinisubiri nimalize kuongea. Nikachemsha chai. Mjinga mimi, nikamimina vikombe viwili.

"Bado unakalia mguu," nikamwambia.

Zamani mke wangu alianguka kwenye ngazi za bombani, ndoo kichwani, mimba ya binti yetu tumboni. Mtoto alipona. Nyonga ya kushoto ikaunga vibaya, ikashuka. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa sawa bila kuuweka mguu wa kushoto chini yake, na mguu ukifa ganzi anaanza kulia kimya. Nikamshonea kabari, kijimto chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine. Akikiweka chini ya nyonga, anakaa kama watu. Siku ya kwanza kukikalia alicheka. Akasema fundi viti ndiye mume, wengine ni wapangaji tu.

Nami kwa kulewa sifa nikamwahidi kwamba ipo siku nitampakia gari ambalo halina pacha duniani, kwenye siti niliyoishona kwa mkono wangu.

"Na sasa unapakiwa na mwingine," nikaliambia povu. "Siti nashona mimi. Umefurahi?"

Povu halijibu. Chai ya kikombe cha pili ikapoa ikaweka utando. Nilijisikia mpweke kuliko siku zote nilizokaa humo bila mgeni, nikalala na viatu.

Asubuhi nilikuwa nimekwisha amua, na uamuzi wenyewe ulinishangaza. Nilikuwa na hasira naye, wallahi nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimekiona kile kisigino. Kama angekalia siti nitakayoshona kwa kufuata povu, angesafiri huku mguu unamfia. Hasira yangu ilimtaka aje anieleze. Haikumtaka aumie nyonga.

Jumatatu nikalirudisha povu kimya kimya, nikachukua ngozi ya zambarau, nikakata kabari.

Wenye kazi yao watashika vichwa wakisoma hapa. Ngozi ile ilipikwa rangi mara moja, kwa gari moja. Haina ya akiba. Na sheria ya fundi siti ni kwamba povu halisahihishwi. Povu likisema mtu kapinda, unashona kapinda. Mimi nilikata, nikajaza, nikaishonea kabari ndani ya siti upande wa kushoto, na mwisho wa mshono nikafanya kama ninavyofanya siku zote, narudi nyuma mara tatu halafu nauzamisha uzi ndani. Fundi aliyenifunza alikuwa akinicheka, akisema mshono wangu unaishia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mkuu wa karakana aliigundua Jumatano. Alipitisha kiganja juu ya siti, kiganja kikakwama.

"Sindano. Hii nini?"

"Kabari."

"Nimeona ni kabari. Nauliza kwenye oda imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Mwenye mgongo huu anaumwa nyonga."

"Amekuambia?"

"Kisigino kimeniambia."

Mkuu si mtu wa kelele. Akikasirika hushusha sauti mpaka unamsogelea kumsikia. "Mzee Zambarau anakuja kesho na huyo mwenzake. Akiikataa siti hii, ngozi nyingine sina, gari limekufa. Na wewe utaondoka na sindano yako usirudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mkuu."

"Na wakija, mdomo wako ushone. Hakuna fundi kuongea na mteja."

Ningepaswa kuogopa kupoteza kazi. Mzee kama mimi akitoka hapa nani atampokea? Lakini nilichosikia ni neno moja tu, kesho. Kesho nitamwona. Nilitaka kumwuliza swali moja, nimekosa nini, anijibu, halafu wanifukuze wakitaka.

Alhamisi nikaja nimenyoa ndevu na nimevaa shati la kola.

"Unakwenda kuoa?" Brashi akaniuliza.

"Nakwenda kuulizia."

Akaacha mzaha, akanipangusa uzi begani. "Usilie mbele yao, kaka. Ukitaka kulia, nishike mkono."

Gari lilikuwa katikati ya karakana, limefunuliwa, linang'aa kama bilinganya iliyopakwa mafuta. Tukajipanga ukutani. Mimi nikasimama kwenye meza yangu, karibu na mlango mkubwa, ndipo mahali pangu.

Akaingia mwanamke mmoja. Si yeye. Huyu alikuwa mtu mzima ila ujana haujamwisha, suruali, viatu vya chini, funguo mkononi. Sote tukatazama nyuma yake, tukimtafuta mzee.

"Karibu sana, mama," Mkuu akasema. "Mzee yupo nyuma?"

"Mzee gani?"

"Mzee Zambarau. Mwenye gari."

Akatutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka. "Mwenye gari ni mimi. Kuna aliyewaambia ni mwanamume?"

Mkuu akaanza kujitetea. "Wakili aliyeleta oda alisema anataka injini kubwa... anasema atakuja mwenyewe..."

"Ndiyo. Nataka, nasema, na nimekuja mwenyewe."

"Kumbe Kiswahili hakina ndevu," Brashi akanong'ona, na Spana akakohoa ili asicheke.

Mkuu akajaribu kujikusanya. Akamwuliza biashara inaendeleaje. Mwanamke akasema malori yapo barabarani, Mungu anasaidia. Hata mabati ya karakana hii huletwa na malori yake, yale yenye mstari ubavuni. Nikakumbuka matope.

Akawa anazunguka gari, ananyosha mkono bila kuligusa. Mimi nikamtazama mabega. Mapana, yamekaa mbele kidogo. Lile povu la kwanza, basi, lilikuwa lake. Nikajiambia, Sindano, tulia, mabega ni mabega, dunia ina mabega mengi.

Akafika kwenye meza yangu. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikasema, na Mkuu akanitolea macho. Nimeitikia salamu tu, jamani.

Akafungua mlango wa upande wa pili, wa mwenzake. Akainama, akapitisha kiganja. Kiganja kikakwama palepale pa Mkuu.

"Hilo, mama, ni kosa la fundi," Mkuu akasema haraka. "Hakutumwa. Tutaona namna ya..."

"Nani kashona hapa?"

Nikainua mkono.

"Mimi," nikasema.

"Nani alikuambia uweke hii?"

"Hakuna. Kwenye povu kulikuwa na kisigino."

Akapiga goti moja, akaufuata mshono kwa kidole mpaka mwisho wake, pale uzi unaporudi nyuma. Akaupapasa mara ya pili. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Mama anayo kama hii," akasema. "Kuukuu, imeisha rangi. Kila tukihama ndiyo inatangulia kupakiwa, masufuria baadaye. Siku ya vipimo wale watu walimkataza kuikalia, akakasirika akakalia mguu. Na yake inaishia hivi hivi. Uzi unarudi."

"Mama?" nikauliza. Sauti yangu sikuijua.

"Huyo mwenzangu ni mama yangu. Mlifikiri nani?" Akatabasamu kidogo. "Tangu baba afariki, tumebaki wawili tu, yeye na mimi. Gari hili ni lake. Mimi hata sipendi kukimbia. Baba alimwahidi atampakia gari lisilo na pacha, akafa kabla. Nikasema ahadi ya mzazi isianguke chini, nitaitimiza mimi."

Nikashika ukingo wa meza. Brashi alikuwa amenikazia macho, mdomo wazi. Nikamtikisia kichwa: nyamaza.

"Alikufa vipi, mwanangu?" nikauliza. Mwanangu huitwa mtoto wa mtu yeyote, hakushtuka.

"Alikwenda kazi ya mbali, gari la siri. Siku moja akaja dereva kutoka huko, hata hakukaa. Akasimama mlangoni, akamwambia mama pole, Sindano amefariki, tumeshamzika. Akaondoka. Mama alikaa eda kwenye nyumba inayobomolewa ukuta kwa ukuta. Halafu tukahama."

Sindano amefariki. Tumeshamzika.

Dereva yule hakusema uongo. Walimzika Sindano kweli, na udongo nilitia mimi kwa mkono wangu. Aliyeagizwa apeleke habari kwa mke wa Sindano, akaipeleka kwa mke wa Sindano. Nani angemwambia kwamba Sindano tulikuwa wawili, na hakuna aliyejua jina la mwenzake?

Nikaona yote kwa mara moja, na heri nisingeyaona. Miaka yote niliyosema kanikimbia, mwanamke yule alikuwa ananililia. Na mahali fulani kuna mwanamke mwingine, mke wa yule mzee, ambaye hakuletewa habari yoyote. Huyo naye alisema kanikimbia. Huenda mpaka leo anasema.

"Fundi, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Ni harufu ya gundi."

Akanisogelea, akashusha sauti ili Mkuu asisikie. "Najua nyinyi wote wa kazi hii mnaitwa Sindano. Lakini mshono si jina, mshono ni mkono wa mtu. Huenda wewe na baba mlifunzwa pamoja. Nakuuliza, ulimjua marehemu baba?"

Pengo lilikuwa limejaa siku nyingi, meno meupe, mazuri. Nilikuwa nikimwambia yale yaliyong'oka yamekwenda sokoni, yatarudi na zawadi. Alikuwa akiamini. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, hatua moja, amenipita urefu, ananiuliza kama nilimjua marehemu.

"Nilimjua," nikasema.

Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Miaka mingapi hakuna aliyenishika mkono? "Basi utanisimulia. Tafadhali. Mimi simkumbuki sura, nakumbuka harufu ya ngozi tu. Ila nakuomba kitu kimoja. Mama yupo nje, namleta sasa hivi. Moyo wake unaendeshwa kwa betri. Daktari amekataza mshtuko wowote, hata gari nimeagiza liondoke taratibu kwa sababu hiyo. Usimtajie baba kwa ghafla. Nitamwandaa mwenyewe polepole, wiki hata mwezi. Umenielewa, mzee wangu?"

"Nimekuelewa."

"Mwenye gari!" Mkuu akamwita kutoka upande wa usukani. "Njoo usikie injini kabla ya kumleta mgeni wetu. Ikibidi kurekebisha, turekebishe sasa."

Akaniachia mkono. Wakaingia garini yeye na Mkuu, milango ikafungwa. Injini ikawaka, ikanguruma kwa chini, laini, kama ilivyoagizwa. Spana na Brashi wakainamia nyuma ya gari, ingawa Brashi alikuwa akigeuza shingo kunitazama mimi. Nikabaki peke yangu kwenye meza, karibu na mlango.

Nikawaza niende chooni. Nikawaza nitoke kwa mlango wa nyuma, nikae siku chache, aandaliwe. Mtu aliyekufa miaka yote hii anashindwa nini kufa wiki moja zaidi? Nikavua miwani, nikaivaa. Nikakunja mkasi wangu kwenye kitambaa.

Nje, kokoto zikalia. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Nzito, nyepesi. Mguu wa kushoto ndio unaoburuta.

Alikuwa amechoka kusubiri. Hakuwahi kuwa na subira, yule.

Mlango mkubwa wa bati ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Hatua zikaishia palepale upande wa pili wa bati. Kama ningenyosha mkono ningeligusa bati, na yeye angekuwa nyuma yake.

"Hodi," akasema.

Sauti imezeeka. Ni yeye.

Nikageuka kutafuta wa kumjibu. Injini inanguruma, vioo vimepandishwa, Spana kainama, Brashi ananitazama kwa mbali na hajasikia kitu. Aliyesikia ni mimi tu. Miaka yote nimeitikia hodi yangu mwenyewe, haraka, nisije nikajiondokea. Leo hodi ni ya mtu, na neno moja tu ndilo linalotakiwa. Nalijua. Lakini sauti yangu akiisikia ataijua kabla sijalimaliza, na moyo wake una betri.

"Hodi jamani," akarudia.

Ya pili hiyo.

Nikaona vidole vyake vinne vimeshika ukingo wa mlango, kisha vikaanza kuachia.

"Hamna mtu humu?" akauliza.